Mzani na Daftari: Kumbukumbu za Wazee wa Isaka

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, Isaka





Tumeombwa kusema maneno machache juu ya habari za zamani za nchi yetu, ili yachapwe katika kitabu hiki cha ukumbusho na kusomwa na wajukuu. Tumekubali kwa furaha, kwa kuwa tumebaki wachache tulioona mambo hayo kwa macho yetu wenyewe. Lakini twaomba radhi mapema. Mzee akianza kusimulia ni kama gari la moshi la mizigo: hukawia kuondoka, na likishika mwendo hukawia zaidi kusimama. Kwa hiyo twawaambia tangu sasa kituo tunachokwenda. Tutazungumza juu ya mzani: ni nani aliyeushika zamani, ni nani aliyekuja kuushika baadaye, na ni nani apasaye kuutazama leo.

Isaka kama tuionavyo ni mtoto wa reli. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, zamani za Wadachi. Waingereza walipotawala waliiendeleza kuelekea kaskazini, ikapita hapa petu na Shinyanga, ikafika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo watu wa hapa wamekuwa watu wa kupakia na kupakua. Mwaka 1994, maafa yalipoipata Rwanda, chakula cha wakimbizi kilishushwa katika stesheni hii na kupakiwa katika malori. Bidhaa za Rwanda na Burundi zimepita katika bandari yetu ya nchi kavu. Na mwezi wa Juni mwaka 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi hapa Isaka, yenye urefu wa kilomita 341. Mtu aliyekulia mahali kama hapa hujifunza jambo moja mapema: mzigo usiopimwa na kuandikwa hauna mwenyewe.

Hata hivyo, kusafiri na kuchukua mizigo hatukuanza kwa reli. Kabla ya Mzungu kutia mguu katika nchi hii, babu zetu Wanyamwezi na Wasukuma walikwenda pwani kwa miguu, wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Safari ile ilichukua miezi. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kuifanya peke yake. Kila msafara ulikuwa na kiongozi wake, na masharti yake, na mgawo wa chakula uliojulikana na wote.

Nyumbani nako ilikuwa hivyo hivyo. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, basumba, chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale. Mwenye shamba kubwa au mjane asiye na nguvu aliomba msaada, na vijana wakaja na majembe yao. Ngoma ilipigwa, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja, na shamba ambalo mtu mmoja angelilima kwa mwezi likaisha kwa siku chache. Ndiyo asili ya ile ngoma ya bugobogobo ambayo vijana wetu wameicheza leo asubuhi mbele ya wageni. Vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilikuwa na viongozi, dawa, mashindano na sheria zao, na kila mtu alijua yumo katika upande gani. Nao wazee wa kijiji, banamhala, walisikiliza mashauri. Aliyekosa kazi ya wote bila sababu alitozwa faini, na aliyekataa faini alitengwa na majirani. Hawakuuliza kwanza ni mtoto wa nani.

Twayataja haya kwa sababu wako watu wasemao kwamba ushirika uliletwa kwetu ndani ya karatasi. Karatasi zililetwa, ni kweli. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932 na Serikali ya Kiingereza. Lakini moyo wa jambo lenyewe ulikuwapo kabla ya karatasi, na karatasi ilipokosa moyo huo, kama tutakavyoeleza, ilichanika.

Sasa tuje kwenye utawala wa wageni. Chini ya Waingereza, Kahama yetu ilihesabiwa katika Jimbo la Magharibi, lililotawaliwa kutoka Tabora, na jirani zetu wa Shinyanga walihesabiwa katika Jimbo la Ziwa, lililotawaliwa kutoka Mwanza. Mpaka ulipita kati ya ndugu na ndugu. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa njia chache: kwenda kufanya kazi mbali katika mkonge, kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, kwenda Mwadui ambako almasi ilivumbuliwa mwaka 1940, au kubaki nyumbani na kulima pamba. Wengi walichagua pamba. Mabwana shamba wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walizalisha mbegu zilizofaa nchi yetu, na hata leo mbegu zetu huitwa UK kwa heshima ya mahali pale.

Baada ya vita ya pili ya dunia ulikuja mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma. Watu waliamriwa kulima kwa matuta yaliyofungwa, kutia samadi na kupunguza ng'ombe. Baadhi ya mashauri hayo yalikuwa mema kwa ardhi. Ubaya ulikuwa katika namna ya kuyaleta: mkulima aliambiwa, hakuulizwa, na asiyetii alishitakiwa barazani. Jembe lilikuwa letu na jasho lilikuwa letu, lakini hesabu ya kazi yetu ilikuwa mikononi mwa wengine.

Hesabu hiyo tuliiona kwa macho, tukiwa watoto.

Baba yetu alikuwa kibarua wa reli hapa Isaka, na mama alilima pamba kwa wajomba zetu upande wa Shinyanga. Wakati wa msimu tulipelekwa huko kumsaidia. Tulikuwa tumefika darasa la tatu, nasi tulijivuna kwamba twajua kusoma tarakimu. Mwanzoni mwa miaka ya 50, karibu na kituo cha kununulia pamba, alikaa kijana mmoja wa kwetu mwenye mzani wake uliotundikwa mtini. Wakulima walikuwa wamemweka wao wenyewe. Kazi yake ilikuwa kupima pamba ya mtu kabla haijafika kwa mnunuzi, ili mtu ajue amebeba nini. Mama alituambia, “Someni vizuri, mkumbuke.” Tukasoma: ratili 41. Tukabeba mzigo ule ule hadi kwa mnunuzi, ambaye jina lake hatulitaji, kwa kuwa naye amekwisha kufa. Mzani wake ulisema ratili 36.

Ratili tano zilikuwa zimepotea njiani, na njia yenyewe ilikuwa hatua mia mbili.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, “Bwana, mzani wako umekula nini?” Watu wakacheka, naye mnunuzi akakasirika, akasema pamba ilikuwa na takataka na unyevu, akaitia katika fungu la fifi badala ya safi. Mama akapokea fedha aliyopewa, kwa kuwa mzigo haukuweza kurudi nyumbani na kodi haikuweza kungoja. Lakini njiani alituambia neno ambalo hatujalisahau: “Leo nimeibiwa, lakini leo najua kiasi gani. Mwaka jana niliibiwa bila kujua.”

Mabibi na Mabwana, kwa fikira zetu, ushirika wa pamba katika nchi hii ulizaliwa katika neno hilo. Wapimaji kama yule kijana walianza kuonekana katika sehemu nyingi za Jimbo la Ziwa. Paul Bomani, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, alizunguka vijijini kuwakusanya wakulima. Vyama vya msingi vikaandikishwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1955 vikaungana chini ya Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria. Muungano ukajenga kiwanda chake cha kwanza cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, katika Geita. Ilipofika mwisho wa miaka ya 50, pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe, na Muungano ule ulihesabiwa miongoni mwa miungano mikubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Bwana Bomani alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa nchi huru.

Wala faida haikuwa ya senti peke yake. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, Serikali haikuiruhusu kufanya kazi yake katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa mpaka mwaka 1958. Katika miaka hiyo, chama cha ushirika kilikuwa mahali ambapo mkulima aliweza kusimama, kuuliza swali, kupiga kura na kumwondoa kiongozi asiyefaa. Na mwaka ule ule wa 1958 watu wa Geita walipowekewa baraza la wilaya wasilolitaka, maelfu walikwenda hadi Mwanza kutoa malalamiko yao, mpaka Serikali ikarudi nyuma. Mtu aliyekwisha kuuhoji mzani haoni tena haya kumhoji Bwana Shauri.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu, nasi tungekaa tupigiwe makofi. Lakini hatukuitwa hapa kuwalaghai wajukuu.

Baada ya Uhuru tulirudi Isaka, nasi tukaajiriwa kuwa karani wa chama cha msingi, si mbali na hapa. Vyama vilikuwa vimeongezeka upesi mno kuliko watu wenye kujua hesabu. Mwaka 1966 Serikali iliunda Kamati Maalumu ya kuchunguza ushirika katika nchi nzima. Kamati iliona mambo mengi: wanachama wasiojua haki zao, upungufu wa watumishi wenye ujuzi, viongozi wasio waaminifu, na wanasiasa kuingilia kazi ya vyama. Muungano wa Victoria ukawekwa chini ya uangalizi wa Serikali, na baadaye mahali pake pakachukuliwa na Chama Kikuu cha Nyanza.

Sisi hatukuhitaji kusoma taarifa ya Kamati ili kuyajua hayo. Katika chama chetu alikuwako mpimaji, ndugu yetu wa ukweni, mtu mcheshi, mwimbaji hodari, aliyependwa na watu. Msimu mmoja tuliona kwamba mshale wa mzani wake hauanzi katika sifuri. Ulianzia chini ya sifuri, ratili mbili au tatu. Wakulima waliopanga foleni walikuwa mama zetu na shangazi zetu. Nasi ndio tulioandika katika daftari zile tarakimu alizozitaja.

Tuliona, tukanyamaza.

Tulinyamaza kwa sababu alikuwa mtu wetu. Yule mnunuzi wa zamani alikuwa mgeni, na ilikuwa rahisi kumwita mwizi. Huyu alikula pamoja nasi. Tulijiambia kwamba tutamwonya faraghani, kisha tukaahirisha, kisha msimu ukaisha. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mama yetu alipokuja na mzigo wake mwaka uliofuata, mzee sasa, aliutazama mzani, akatutazama sisi, asiseme neno. Tungependa angeuliza kama alivyouliza zamani. Ule unyamavu wake tumeubeba mpaka leo, nao ndio sababu tumekubali kusimama mbele yenu.

Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali, na kazi yao ikapewa mamlaka ya mazao na vijiji. Tulikabidhi madaftari, stempu na funguo. Watu wengi wamelaumu amri ile, na sababu za kuilaumu zipo, kwa kuwa wenye mali hawakuulizwa. Lakini twajiuliza swali moja kwa uchungu: mbona siku ile katika kijiji chetu hakuna aliyelia? Mbona hawakuja na majembe yao kukitetea chama, kama walivyokuja wazee wao kukijenga? Jibu twalijua. Chama kilikuwa kimekwisha kufa mioroni mwao tangu siku walipoacha kuuamini mzani wake. Amri ilikizika tu.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa tena kununua pamba, na vyama vingi vilivyokuwa na madeni vikalemewa. Mwaka 2013 ikatungwa sheria mpya, iliyoanzisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ndipo nasi, baada ya mashauri mengi na mikutano iliyokwenda mpaka jua likatua, tukapata Chama Kikuu hiki ambacho leo chatimiza miaka 10.

Je, kitu kilichokufa chaweza kufufuka kweli? Sisi wa nchi hii tunao mfano mbele ya macho yetu, nao ni ngitili. Tangu miaka ya 20 misitu ilifyekwa kwa amri ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye ikafyekwa zaidi kwa ajili ya pamba, ng'ombe na kuni, mpaka mkoa wetu ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wake walipoketi na wazee wakaambiwa kwamba sisi tulikuwa na desturi yetu: kila mji, na kila kijiji, kilitenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa masika, ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Desturi ile ikafufuliwa. Ngitili zilizokuwa mamia machache ya hekta zikawa zaidi ya hekta 300,000, na miti ikarudi, na ndege wakarudi, na dawa za mitishamba ambazo bibi zetu walizitafuta mbali zikapatikana tena karibu na nyumba.

Miti ile haikuota kwa hotuba. Iliota kwa kuwa kila jirani alijua mpaka wa ngitili uko wapi, na aliyeingiza ng'ombe wake alionekana, akatajwa, akatozwa, hata kama alikuwa mjomba wa mwenyekiti. Hiyo ndiyo desturi ya basumba na banamhala. Ndiyo tuliyoiacha siku ile penye mzani.

Basi, wakulima wenzetu, twaomba mambo matatu, nasi tutaketi.

La kwanza ni kwenu, wanachama. Siku hizi mizani ya kidijitali imeingia vituoni, na malipo mengi hupitia benki au simu. Ni maendeleo makubwa, nasi twayashukuru. Lakini mashine nayo ina mtu anayeiwasha. Kabla ya kuweka pamba yako, au dengu, au choroko, itazame kama inasoma sifuri. Pima nyumbani kama una njia ya kupima. Chukua stakabadhi yako, uisome, na usipojua kusoma mwite mjukuu, kama mama yetu alivyotuita sisi. Kuuliza si kumtukana karani. Karani mwaminifu hufurahi kuulizwa.

La pili ni kwenu, viongozi na watumishi. Mali bila daftari huisha bila habari. Lifungueni daftari kabla hamjaombwa. Katika mkutano mkuu, msisome hesabu kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua. Someni polepole, kwa maneno ambayo mama mzee wa nyuma kabisa ataelewa, kisha mngoje maswali yake. Mwanachama anayeuliza ndiye mlinzi wenu. Atawalinda hata dhidi ya tamaa zenu wenyewe.

La tatu ni gumu kuliko hayo, nalo ni letu sote. Tukiona mshale hauanzi katika sifuri, tuseme. Tuseme siku ile ile, mbele ya watu, hata kama aliyeushika mzani ni ndugu, mkwe au rafiki. Tuseme kwa adabu, lakini tuseme. Wakoloni walitutawala kwa miaka mingi, na jambo la kwanza walilotunyang'anya lilikuwa haki ya kuihesabu kazi yetu. Wazee wetu waliirudisha kwa mzani uliotundikwa mtini. Sisi tuliipoteza tena bila kunyang'anywa na mtu, kwa kunyamaza.

Bwana Mwenyekiti, miaka 10 ni umri wa mtoto aliyeanza kusoma tarakimu. Ni umri tuliokuwa nao sisi tulipotumwa kusoma ratili 41. Chama hiki sasa kinajua kusoma. Twaomba Mungu akipe ujasiri wa kutaja kwa sauti kile ilichosoma mizani, msimu huu na misimu yote ijayo.

Ushirika udumu.